Mpini wa Hikori Niliokuficha

Märsta, saa kumi alasiri, siku moja kabla ya ndege yako

Riziki, mama yangu,

Bon. Mambo ya pasipoti, koti, chaji ya simu na vidonge vya tumbo sitaandika. Mama yako ameshajaza karatasi tatu, na ile ya tatu amepigia mistari hadi nafasi zilizo tupu. Ninyi wawili mko Hjulsta mnawaaga mama zako wa kwaya, na miye nimebaki jikoni na kalamu ya kazini.

Unanijua. Miye ni mtu wa kusema. Nimesema Uvira, nimesema kambini Kigoma, nimesema Lusaka miaka miwili bila kujua lugha yao, na watu walicheka palepale nilipotaka wacheke. Lugha saba na nusu, na ile nusu ndiyo Kiswidi. Lakini hili la leo kila nikilifungulia mdomo linageuka mzaha. Kwa hiyo naandika, na mwaka wangu mmoja wa sekondari. Ukiona makosa, yaache hapohapo.

Nitangulize jambo lenyewe, nisije nikalizunguka mpaka wino ukauke. Bertil hakuondoka bila kukuaga. Alikuachia zawadi na namba yake ya simu. Nilizificha miye.

Sasa kasirika kidogo, halafu uendelee kusoma.

Unajua wivu wangu na mzee yule ulianza wapi? Si kwenye miti. Ulianza kwenye ngazi. Weye ulikuwa na miaka kumi na mitatu, umeanza kushinda kwake ghorofa ya chini, unarudi na vumbi la mbao kwenye nywele na kijiko ulichochonga mwenyewe. Nilisema sawa, mwalimu mstaafu wa useremala, hana mjukuu karibu, mtoto anajifunza kazi. Mimi huyo, mtu mwenye roho kubwa, nilimpelekea hata sambusa. Halafu asubuhi moja natoka zamu ya usiku uwanja wa ndege, nimebeba masanduku ya nusu ya Ulaya, nakutana naye mlangoni na ile suruali yake yenye mifuko kumi na moja. Akanyoosha mgongo, akasema:

"Habari ya asubuhi, Baba Riziki!"

Safi kabisa. Hata ile "ri" aliiviringisha vizuri. Nikamwuliza nani kamfundisha. Akasema ni weye, na akanihesabia maneno mengine kwa vidole: mti, jani, gome, mzizi.

Nilipanda juu nikashindwa kula. Mama yako akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Mtoto nikimwambia lete chumvi ananijibu Kiswidi. Kiswahili changu anampelekea jirani!"

Akaniangalia kama anavyoangalia maziwa yaliyoganda. "Weye Baba Riziki, unamwonea wivu mzee wa miaka themanini?"

"Themanini na mbili," nikasema. Maana nilikuwa nimeshauliza.

Na miti nayo, mama, ilinichoma. Babu yako alikuwa mchonga mipini soko la Uvira. Mpini wa jembe, wa shoka, wa nyundo. Alitumia mpera na mkaratusi, na mtu akija alimwambia kwanza, "Nyoosha mkono," akampima kutoka kwapani hadi kwenye ncha za vidole kabla hata ya kumwuliza anataka nini. Hilo nimekuhadithia mara mia. Nilichokuhadithia ni kwamba nami nilikuwa bingwa. Nilikudanganya. Nilikuwa nafagia maganda tu, nikipewa kisu naharibu mbao. Kila siku baba alisema nitafundishwa mwaka ujao nikitulia, na mwaka wa kutulia haukufika. Kwa hiyo Bertil alipoanza kukufundisha kupima mpini kwa mkono wa mtu, kipimo kilekile cha babu yako, ilikuwa kama amenikuta nimelala akanivua kiatu, akakuvika weye, na kikakutosha.

Unaikumbuka ile Jumapili ya mwezi wa tisa, tulipokwenda bustani ya mimea kando ya maji? Bertil alitaka kukuonyesha hikori, mti wenye asili ya huko Marekani unakokwenda. Ulikuwa umeshapeleka maombi chuo cha misitu cha Kentucky, mahali ambapo miye nilipajua kwa kuku wake wa kukaanga tu. Mlikuwa mmepanga kwenda wawili. Nikajialika.

Pale getini nikawaambia, "Ninyi kaeni. Mtoto wa mchonga mipini hahitaji kusoma kibao. Nitautafuta kwa macho, kisha nitawaita."

Nilikuwa nimewasikia mkisema kwamba kijiti kimoja cha jani hilo kinabeba vijani vitano au saba. Nikazunguka, nikaona mti wa namna hiyo, mrefu, mzuri. Nikaupiga kofi kiunoni. "Huyu hapa! Hikori! Baba lao!"

Bertil akakohoa. Weye ukasema, "Men pappa..."

Hiyo "men pappa" yako naijua. Ni "lakini baba" ya mtu anayekuja kuzima redio. "Nini tena?"

"Huu ni ask, Papa. Mti wa hapahapa, uko hata kwenye maegesho yetu."

"Vijani si vipo? Hesabu! Moja, mbili, tatu..."

"Usiangalie vijani, angalia kijiti chake kinapotokea kwenye tawi. Kwenye ask vinatoka viwili viwili, vinatazamana. Hikori kinatoka kimoja huku, halafu juu kidogo kimoja kule."

Ulinishika mkono ukanipeleka kwenye hikori wenyewe. Na kweli, hata kipofu angeujua kwa kuupapasa. Gome limebanduka vipande virefu vilivyoshikilia katikati, ncha zote mbili zimejikunja nje, kama rangi kwenye ukuta uliolowa. Nikasema, "Mti gani huu unavua nguo mbele ya watu?" Ukacheka. Bertil akadai atafsiriwe, na alipotafsiriwa akacheka kukuzidi, akajifuta macho. Nilifurahi dakika nzima.

Ukanionyesha vijani vitano, vitatu vya mbele vikubwa kuliko viwili vya nyuma. Bertil akainama kwa taabu, magoti yakilia, akaokota tunda lenye ganda la kijani lililopasuka vipande vinne sawasawa hadi chini, kama limekatwa kwa rula. Akaeleza kwamba wenyeji wa nchi ile, waliokuwapo kabla ya meli za Wazungu, walizitwanga kokwa hizo pamoja na maganda yake magumu, wakachemsha, wakachuja, wakapata kitu cheupe kizito kama maziwa, wakatia kwenye uji wa mahindi. Nikasema, hilo si geni, kwetu tunatwanga karanga tukatia kwenye majani ya muhogo, sombe. Na weye ukatoa daftari ukaandika. Nilichungulia. Uliandika: "Papa: karanga, sombe." Mama, miye daftari pekee lililowahi kuniandika kabla ya hapo lilikuwa la askari wa mpakani.

Halafu Bertil akapiga shina kwa kiganja, akasema upinde walichonga humo, fito za vikapu walipata humo, nyama waliikausha kwa moshi wake, na yeye ujanani alipanda milima ya kaskazini kwa ski za hikori, zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Lakini sifa yake kubwa, akasema, ni mpini. Mbao nyingine ni ngumu tu, na ngumu hupasuka. Hii ni ngumu na inanepa. Pigo likija inalimeza yenyewe, halifiki mkononi. Weye ulikuwa unamsikiliza mdomo wazi. Mimi hujawahi kunisikiliza mdomo wazi, labda ulipokuwa unapiga miayo.

Nikabaki nikiuangalia ule mti peke yangu mlipotangulia. Una kibao kimefungwa shinani: jina, nchi ulikotoka. Nami nilikuwa na kadi yangu ya kazi ya uwanja wa Arlanda shingoni, nimesahau kuivua. Nikaona tunafanana. Halafu nikakumbuka kwamba weye unakwenda kuwaona wenzake, wale wasio na kibao, waliojiotea tu msituni kwao, hakuna anayewauliza walitoka wapi. Nikauonea wivu mpaka mti. Sikujua mtu anaweza kufika huko.

Sasa mwezi wa nne. Weye ulikuwa na wenzako wa shule kule kaskazini, juma zima. Bertil alianguka bafuni, mtoto wake akaja na gari, akampangia chumba kwenye nyumba ya wazee Sundbyberg, yote kwa siku tatu. Siku ya kuondoka alipanda ngazi zote hizi, hatua moja pumzi mbili, akagonga. Mkononi ana kitu kirefu kimefungwa gazetini.

"Mpe Riziki," akasema. "Namba yangu mpya imo ndani. Mwambie aje."

Nikasema ndiyo. Nikamshika mkono. Nikafunga mlango, nikafungua gazeti.

Shoka. Chuma kilikuwa cha baba yake, kimenolewa mpaka unajiona pua. Na mpini mpya wa hikori, amekuchongea kwa mikono yake ya kizee, umenyooka, nyuzi zinakwenda juu hadi chini bila kukatika hata moja, umepakwa mafuta. Nikausimamisha kando yangu, mfupi kuliko mkono wangu, nikajua papohapo umepimwa kwa mkono wako. Miye baba yako sijui kipimo cha mkono wako. Yeye anakijua.

Nililishusha chini kwenye chumba chetu cha stoo, nikaliweka nyuma ya matairi ya gari ya msimu wa baridi. Nilijiambia ni kwa siku moja tu.

Uliporudi ukashuka kwake, ukakuta mlango una jina la mtu mwingine. Ukaja ukaniuliza. Nikasema, "Ameondoka na mtoto wake." Ukauliza, hakusema kitu? Nikasema, "Hakusema kitu."

Ukasema, "Jaha." Neno moja hilo la Kiswidi, ambalo ni sawa na kusema "kumbe." Ukaenda chumbani kwako. Nimepigwa makofi maishani, nimepigwa hata na kitako cha bunduki, lakini "jaha" ile bado naisikia.

Ungedhani ningeshtuka, nikatoa shoka. Lakini nilifanya la pili. Watu wa manispaa walikuwa wameangusha ule ask wa maegesho kwa kuwa ulikuwa unaumwa. Nikaokota gogo zuri. Nikaligonga shoka la Bertil, nikautoa mpini wake, nikachonga wangu. Majuma mawili, mama, chini stoo, nikitoka kazini. Mama yako alidhani nina mwanamke. Na nikuambie kitu: haukuwa mbaya. Kwa mara ya kwanza mbao ilinitii. Nilisema, ningekuwa Uvira sasa baba angenipa kisu kikubwa.

Siku yenu ya kumaliza sekondari na kuvaa kofia nyeupe, watu wamejaa sebuleni, nikasimama na hotuba yangu ile ndefu, nikakukabidhi. "Chuma nimekitafuta mwenyewe kwenye mnada wa vitu vya zamani," nikasema, "na mpini nimeuchonga kwa mkono wangu!" Wakapiga vigelegele. Ukanikumbatia. Na juu ya bega langu nikahisi kichwa chako kimegeuka kuangalia mlango. Ulikuwa umeniomba nimtafute Bertil nimwalike. Nilikuwa nimekuambia hapatikani.

Usiku huo nilishuka stoo nikaamua kuvunja ule mpini wake, nimalize habari. Niliulaza juu ya matofali mawili, nikarukia katikati kwa miguu yote, kilo zangu tisini na nane. Ukanepa kama mkia wa samaki, ukanirusha. Nilianguka juu ya baiskeli yako ya utoto. Lile juma nililochechemea nikasema sanduku la Mjerumani limeniangukia? Hakuna Mjerumani. Ni hikori. Niliuinua nikautazama kwenye taa: hata ufa hauna. Pigo umelimeza wenyewe, kama alivyosema.

Nikaubeba nikaurudisha nyuma ya matairi, taratibu, kama mtu anayemrudisha mgonjwa kitandani.

Bon, jana. Ulinipa shoka nilifungashe. Nikasema ngoja nilijaribu kidogo, nijisifu kwa mara ya mwisho. Nikaenda kwenye kile kisiki nyuma ya jengo. Pigo la kwanza, sawa. La pili, chuma kikachomoka. Kilipita juu ya bega langu, kikajikita kwenye ukuta wa banda la baiskeli, kina cha vidole viwili. Hakukuwa na mtu.

Kosa nilijua mara moja, maana ndilo jambo pekee nililojifunza kwa baba kwa kufagia. Mpini mbichi hauvalishwi chuma. Yeye alitundika vipande vyake juu ya moshi wa jiko la mama yangu mwaka mzima, na mteja akiwa na haraka alimfukuza na pesa zake mkononi. Mbao ikikauka inanywea, tundu linabaki na nafasi. Mimi nilikausha wangu majuma mawili juu ya chuma cha joto cha ukutani. Nilijua. Lakini nilitaka kumtangulia Bertil, na sikuwa na mwaka.

Nilikaa juu ya kisiki nikiwaza uko msituni Kentucky, mwenzako amesimama nyuma yako, unainua mkono. Mzaha uliniishia, mama. Nimekufikiria sana tangu uzaliwe, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kitakachokuumiza nitakuwa nimekichonga miye.

Nikampigia Bertil. Karatasi ilikuwa bado ndani ya gazeti. Ilikuwa saa kumi jioni, akapokea, nikajitaja, akasema, "Habari ya asubuhi, Baba Riziki." Ndiyo salamu pekee anayoijua. Nikamweleza yote kwa ile nusu yangu ya Kiswidi.

"Kwa hiyo hajanikasirikia?" akauliza.

"Wewe? Hapana. Hajui kitu."

"Nilidhani amechoshwa na mzee." Halafu akauliza, "Ulitumia mti gani?"

"Ask."

"Ask ni mzuri," akasema. "Ila uwe mkavu."

Hakunitukana, Riziki. Ningependa anitukane. Nilikuwa nimejiandaa na majibu.

Nikuambie na hili, ambalo hata mama yako halijui. Nilipoondoka Uvira nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemfuata dereva wa lori aliyenifundisha kupanga mzigo usianguke. Nilimsifu dereva yule nyumbani kila siku: anajua hivi, amefika kule. Baba alikuwa anachonga tu, kimya. Asubuhi ya kuondoka alinipa mpini wa jembe. Mpini mtupu, bila jembe. Nilicheka. Nani anabeba mpini safarini? Tulipofika mji wa Baraka nikamwachia mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo, akautumia kuchochea moto. Miaka yote nilidhani baba alikuwa mshamba. Jana pale kisikini ndipo nikamwelewa. Alikuwa na wivu na dereva, na hakuwa na kitu kingine mkononi.

Huko utakutana na watu watakaokufundisha. Kina Bertil wako wengi duniani, na weye una uso wa kufundishika, hukuupata kwangu. Ukinipigia simu, usinifichie ukidhani unanilinda. Niambie jina la mwalimu, niambie alisema nini, niambie ulicheka. Nitaumia, nitasema neno la kijinga, nitajigamba kwamba hilo nililijua tangu Lusaka. Niache niseme. Halafu endelea kuniambia.

Kesho saa tatu asubuhi Bertil anakungoja Sundbyberg. Anasema atachemsha kahawa, kwa hiyo kunywa kitu kabla, kahawa yake ni lami. Panda treni hapa, badilisha Odenplan. Ndege yako ni ya alasiri, mama yako ataleta sanduku, muda upo. Sitakuja nawe. Sijajialika safari hii, na nakuomba uone jinsi lilivyonigharimu sentensi hii.

Shoka liko mezani chini ya barua. Nimelivalisha mpini wake wa hikori, nimetia kabari mpya, nimelipiga kwenye kisiki mara hamsini. Halitikisiki. Nimelifunga kwa gazeti lake lilelile. Mwambie Bertil kabari ni yangu. Hilo tu, mwambie.

Kesho mchana niko zamu. Wenzangu wote Arlanda wanajua kwamba miye nikiinua sanduku nakisia kilichomo: huyu kabeba viatu, huyu kaachwa na mkewe, huyu ana jibini. Lako nitalipandisha mwenyewe, nimeshabadilishana mkanda wa mizigo na Mganda mmoja. Nitalilaza vizuri, magurudumu ukutani. Sitakisia.

Ule mpini wangu wa ask nimeulaza juu ya kabati la jikoni, pale mvuke wa sufuria za mama yako hauufikii. Utahitaji mwaka mzima. Sikuombi uutake. Nakuambia tu ulipo.

Baba yako, anayekuonea wivu na kukupenda kwa mkono uleule,

Papa